Yowe Lililotoka kwa Machibya

Mwabulimu, kupita Mishamo,
Jumamosi, 8 Machi 2025.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini karatasi hii itakukuta umeamka vizuri, goti la kushoto limepunguza maumivu, na mvua imekuachia angalau siku mbili za kupalilia mahindi. Nakuona kabisa pale Ilembo, umekaa kwenye kigoda chako karibu na mlango wa jikoni, unapepeta mchele huku unamgombeza jogoo. Dada Restituta ameshajifungua? Kama ameshajifungua na hamjaniambia, basi nimewanunia wote. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na gauni langu la sendofu limeanza kunibana, ila usianze kuwaza mambo, ni michembe tu, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Wasukuma wa huku wanapika na karanga hadi unasahau jina lako.

Najua utashangaa kuona karatasi siku hizi ambapo kila mtu anapiga simu. Huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya mashine ya kusaga, na ukiongea pale kijiji kizima kinakusikiliza. Tena haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema nikiwa nimesimama juu ya kichuguu. Ndiyo maana nimempa Ladislas, mzee wetu wa kanisa anayekaa Mishamo, akuletee mkononi Jumatatu akija Mpanda na basi. Soma mwenyewe kwa miwani yako, usimpe kaka Damiano akusomee. Ukishamaliza mpe na yeye asome, kila mstari, hata ile mistari ya aibu.

Kwanza nikwambie furaha yangu, maana ipo, na ni kubwa. Mama, nina mume! Miezi mitano imepita tangu mlinisindikiza kanisani, na bado kila asubuhi nikifungua macho nikamwona Gervais pembeni yangu nashtuka kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani, nikiogopa mwenyewe atarudi kukidai. Anapiga mluzi akinyoa ndevu. Anakunja vitenge vyangu vizuri kuliko mimi. Ananiandikia vikaratasi nyuma ya nyimbo za kwaya zilizoharibika na kuvificha kwenye debe la unga, nami nikienda kusonga ugali nakuta kimeandikwa kwamba mikono itakayokishika ndiyo anayoiwaza akiwa njiani. Ananiita mukunzi, yaani mpenzi kwa Kirundi, hata mbele ya wazee. Wanawake wa hapa wakimsikia hucheka mpaka wanashika mbavu, wakisema mwanaume wa Kisukuma akimwita mke wake hivyo mchana, ng'ombe watasusa kutoa maziwa.

Unakumbuka Damiano alivyonitania kwamba naolewa na mmisionari, kwa hiyo nitakuwa nakula mkate na siagi. Hata huku walikuwa wanamsubiri mzungu. Jirani yetu Machibya, mzee wa makamo mwenye shamba kubwa la tumbaku, alitusimulia kwamba walifyeka njia, wakachonga kiti chenye mgongo, wakatafuta mayai nyumba kwa nyumba, kisha akashuka kijana mweusi kuliko wao juu ya pikipiki iliyofungwa gitaa, anatoka Gitega, Burundi. Machibya akauliza kwa sauti kubwa, kwani Warundi wa Mishamo wamekwisha mpaka waagizwe wengine? Gervais akacheka kuliko wote, akamjibu kwamba wale waliokimbilia Mishamo ni wa zamani, yeye ni toleo jipya. Machibya akampa kibuyu cha maziwa mgando papo hapo, na tangu siku ile wakawa kama mtu na mdogo wake.

Kazi yake ni nyingi na haina saa. Anafundisha watu wazima kusoma, anasuluhisha wanandoa waliomzidi umri mara mbili, anabeba wagonjwa kwa pikipiki, na kila mwezi anazunguka vijiji vya mbali kwa siku kumi au zaidi. Hatukosi vituko. Mwezi wa kumi na moja alikwama mtoni, akavua viatu akaviweka juu ya jiwe ili asukume pikipiki, na alipogeuka fisi alikuwa ameondoka na kimoja. Jumapili ile alihubiri mguu mmoja una kiatu na mwingine kandambili, na mahubiri yalikwenda vizuri sana kwa sababu hakuna aliyesinzia.

Mwezi wa kumi na mbili mdudu alimwingia sikioni akiwa amelala. Mama, mtu mzima alilia! Mimi nilikuwa nakimbia huku na huku na kibiriti bila kujua nakitafutia nini. Aliyetuokoa ni Kabula, mke wa Machibya. Alikuja na mafuta ya uvuguvugu kwenye kijiko, akamlaza kichwa mapajani kama mtoto mchanga, akamimina, na mdudu akatoka mwenyewe akiwa ameloa. Kisha akamwambia kwamba mtu aliye mbali na mama yake alale na masikio yaliyozibwa. Gervais akamtii. Toka siku hiyo halali bila pamba masikioni.

Huyo Kabula, Mama, nataka umjue. Ndiye aliyenifundisha kukamua ng'ombe asinipige teke. Nilipoumwa malaria mwezi wa kwanza, Gervais akiwa safarini, alilala kwangu siku tatu mfululizo na kuniogesha kama ulivyokuwa ukiniogesha wewe. Ananiita mwanangu. Nimeandika neno hilo na mkono umesita, utaona kwa nini.

Sasa nifike kwenye ujumbe wa Damiano. Ameniandikia kwenye simu kwamba mmesikia habari zetu sokoni Mpanda, kutoka kwa watu wa tumbaku. Kwamba shemeji yake ni mwoga, alisikia yowe akabaki amejilaza na mke wake huku mama wa watu anaungua hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Kwamba wewe umelia siku mbili. Kwamba Jumatano anakuja kunichukua nirudi nyumbani na mambo ya ndoa yatazungumzwa baadaye. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kiasi kwamba nimeukariri. Mama, yowe lilipigwa kweli. Kabula aliungua kweli. Nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi uliopita, saa tisa alasiri. Gervais alikuwa amerudi mchana ule kutoka safari ya siku kumi na moja. Alikuja amejaa tope hadi kwenye nyusi, mwembamba, macho mekundu, lakini akaniona mlangoni akaanza kuimba barabarani kama mlevi. Nilimchemshia maji, akaoga. Nilikuwa nimechinja jogoo, akala akisifia kila finyango. Kisha akaweka pamba zake, akalaza kichwa kwenye mkono wangu, na kabla sijamaliza kumuuliza habari za njiani alikuwa amelala kama gunia.

Kwa Machibya walikuwa wanakausha tumbaku. Machibya mwenyewe alikwenda Mishamo kutafuta kamba za kufungia, na vijana wake walikuwa shambani kuchuma. Kabula alibaki peke yake kuangalia moto wa bani, ile nyumba ndefu ya tope wanamotundika majani kwenye fito yakauke. Jani moja kavu likaanguka juu ya bomba la moto, na wewe unajua tumbaku ikishakauka inavyowaka. Kabula akapiga yowe.

Wewe huhitaji kufundishwa yowe. Gervais alihitaji, nami ndiye niliyemfundisha wiki yetu ya kwanza hapa. Nilimwambia kwamba kwa sungusungu, walinzi wa kijiji, likipigwa unaacha hata kijiko mdomoni, unakimbia ulivyo, na asiyetokea anahesabiwa kuwa ndiye mwenye shari. Akaandika kwenye daftari lake na kupiga mstari chini.

Siku ile watu wote walikuwa mashambani, mbali. Nyumba iliyo karibu kuliko zote ni yetu. Kabula alipiga yowe, akasubiri, akapiga tena, akaona hakuna mtu. Akaingia mwenyewe ndani ya bani kuvuta fito ili aokoe japo kidogo, maana mle ndimo mlikuwa na mwaka wao mzima. Paa likamwangukia mkono wa kulia. Watu wa kwanza walipofika walikuta amejitoa mwenyewe, ameketi chini, anautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Wakampandisha kwenye baiskeli. Mmoja wao ndipo akaja kugonga kwetu kutafuta pikipiki. Gervais aliruka kitandani, akatoka bila shati, akaiwahi ile baiskeli njiani na kumfikisha Kabula kituo cha afya. Alikaa naye mpaka Machibya alipofika. Mganga alisema ataishi, ila vidole vitatu havitakunjika tena. Hawezi kukamua, Mama. Hawezi kushika hata mchi.

Siku mbili baadaye tuliitwa kwenye mkutano wa sungusungu, kwenye uwanja wa josho la ng'ombe. Mkuu wao anaitwa Malale, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Alimwuliza Gervais kwa nini hakuja. Gervais akasimama, akasema hakusikia, akaeleza safari yake na usingizi wake, halafu, kwa kuwa ni mtu asiyejua kubakiza maneno, akaeleza na pamba. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba hata marehemu wa upande ule walisikia na wakageuka, isipokuwa Bwana Pamba. Jina hilo limemganda. Mwingine akauliza kama huko mbinguni wanapokwenda watu wa kanisa letu parapanda itapigwa mara ngapi ili mchungaji aamke. Machibya hakucheka. Alikuwa anatazama ardhi.

Malale aliwanyamazisha, akanigeukia mimi. Akauliza, na wewe mama, hukusikia? Kabla sijafungua mdomo Gervais akanijibia. Akasema mke wangu naye alikuwa amelala, tulilala wote, Mungu ni shahidi wangu. Malale akakubali neno la mwenye nyumba na hakuniuliza tena. Mimi nikabaki naangalia vidole vya miguu yangu.

Hukumu yao haikuwa ya kikatili. Alete dume moja la ng'ombe, watu wale pamoja, na aseme mbele ya wote, nilisikia sikuja, nisameheni. Yaishe. Gervais akasema ng'ombe atatoa, hata wawili, kwa ajili ya mkono wa Kabula. Lakini kusema alisikia hawezi, kwa sababu hakusikia, na mtu aliyewadanganya siku ya Alhamisi atasimamaje kuwahubiria Jumapili? Malale akamwomba afikiri. Wazee wawili wakamfuata pembeni, wakamwambia kijana, ni maneno tu, sema ule nyama twende nyumbani. Akakataa. Wengine wakaona ni kiburi cha ugeni. Basi wakatutenga.

Kutengwa, Mama, usikie tu kwa watu. Hakuna anayekupiga wala kukutukana. Hawakuoni. Nikifika kisimani wanawake wanainua ndoo zao nusu wanaondoka, na yule aliyekuwa katikati ya kisa cha kuchekesha anakimezea hapo hapo. Mashine ya kusaga inazimwa nikikaribia. Siwezi kuomba moto, siwezi kuuza wala kununua, na anayenijibu salamu atatozwa naye. Watoto waliokuwa wakija kuimba na gitaa wanapita mbali, wakitembea kwa vidole kana kwamba tumefiwa. Jumapili tunakuwa watatu kanisani, sisi na Ladislas, ambaye si mwanakijiji na kwa hiyo sheria haimpati. Gervais anahubiri sawasawa kama kuna watu mia. Kiongozi wake wa Burundi ameandika kwamba jambo hili lisipokwisha hadi Pasaka, kituo kitafungwa naye atarudishwa. Miaka yake miwili ya utume huku, aliyoiota tangu akiwa shule itaishia kwenye jina la Bwana Pamba.

Na katika haya yote hajawahi kunifokea hata mara moja. Anachota maji mwenyewe ili nisikutane na ile migongo. Anatwanga mahindi mwenyewe kwa kuwa mashine haitupokei, na mikono ya msomi imetoka malengelenge, nami nayapaka mafuta huku yeye ananichekesha. Nilimpenda hata zaidi, Mama. Na kadiri nilivyompenda ndivyo nilivyoshindwa kumtazama.

Juzi Alhamisi asubuhi alikaa karibu yangu nikichambua maharage. Akasema ameamua. Mkutano ujao ni Alhamisi ijayo, tarehe kumi na tatu, naye atasimama aseme kwamba alisikia. Nilimwuliza, umekumbuka? Akasema hapana. Akasema amechoka kuniona nikiongea na kuku. Akasema Mungu atamtazama kwa uwongo huo kisha atanitazama mimi, ataelewa. Alisema kwa upole, kama anayenipa zawadi, na mimi nilikuwa na bakuli la maharage mapajani.

Mama, nilisikia.

Sikuwa nimelala hata kidogo. Nilikuwa nimejilaza macho wazi, namtazama anavyopumua, nahesabu mistari ya jua kwenye shingo yake, nimeshiba furaha hadi kooni. Siku kumi na moja nilikuwa nimengoja. Yowe la kwanza likaja. Nilijua ni yowe. Mimi niliyezaliwa na kukulia Mpanda, mimi niliyemfundisha, nilijua kabla halijaisha. Nikawaza ni wezi wa ng'ombe, watakuwa na mishale, na Gervais ni mgeni hajui hata kukimbia porini, atakwenda mbele kwa sababu ndivyo alivyo. Nikawaza kijiji kina wanaume wengi. Nikawaza, ee Mungu, leo tu, hii alasiri moja tu iwe yangu. Kisha likaja la pili. Nikautoa mkono wangu chini ya kichwa chake polepole, nikaenda kwa vidole hadi dirishani, nikalifunga, kama mtu anayefunika chakula kisipoe. Nikarudi nikalala. Mlango ulipogongwa nilijifanya nami naamka.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Gervais aliliondoa bakuli mapajani mwangu, akaliweka chini. Halafu akauliza swali moja tu, kama niliitambua sauti. Ningeweza kukataa hapo, Mama. Nilikuwa nimeshasema vya kutosha, na hakuna mtu duniani angejua. Nikamwambia ndiyo. Yowe la kwanza sikulitambua, ila la pili nililitambua. Nilijua ni Kabula. Dirisha nililifunga juu ya sauti ya Kabula. Nilijiambia nitakwenda kumwangalia jioni, nimpelekee na mchuzi.

Alisimama akatoka, akakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha hadi jua likaanza kuchoma. Aliporudi alisema jambo moja. Kwamba alimfanya Mungu shahidi pale uwanjani, na mimi nilikaa kimya pembeni yake nikamwacha. Tangu hapo ananisalimia kama unavyomsalimia mtu mliyepishana naye njiani. Anasema pole na kazi, anasema asante kwa chakula, ananiita Esteria. Zamani, zamani ya juzi, sikujua kwamba jina langu mwenyewe linaweza kuniumiza. Kwenye debe la unga kuna unga tu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Kabula. Sikumuaga Gervais. Nilimkuta uani kwake peke yake, mkono umefungwa hadi kiwiko, anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto na gunzi amelibana kwa magoti. Kwa sheria hakutakiwa kunijibu, na sikumsalimia, nisimtie matatani. Nilipiga magoti nikamweleza yote, na dirisha, na kwamba nilijua ni yeye. Aliendelea kupukuchua. Gunzi liliisha, akachukua lingine. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba yowe ni la wote, ila yeye aligeuza uso upande wa nyumba yetu, maana alijua niko. Akasema, sikumwita mume wako. Nilikuita wewe. Halafu akaniambia niondoke kabla Machibya hajarudi kutoka malishoni.

Nimerudi na neno hilo na ndilo limenikalisha mezani niandike.

Sasa sikiliza ninachokuomba, Mama. Damiano aje Jumatano kama alivyopanga, lakini asije kunichukua. Alhamisi nitasimama mimi kule kwenye josho. Ladislas ameniulizia kwa Malale bila kutaja jina, na Malale amesema mwanamke anayesimama kusema kosa lake mwenyewe anasimama na ndugu wa damu ubavuni, mume hahesabiwi. Mtu huyo hamtetei. Kazi yake ni kuonekana, ili mkutano ujue kwamba huyu ana kwao, na kwamba watakaloamua litasikika hadi kwao. Wanaweza kuongeza ng'ombe. Wanaweza kusema niondoke kijijini, mimi peke yangu au na mume wangu. Kwa aliyeuacha mkutano uapiwe uwongo, Malale amesema, hajui watasema nini, maana hawajawahi kupata kesi ya namna hiyo.

Gervais nilimwambia jana nitakachofanya. Akasema hatanizuia, hatanisemea, atakaa wanapokaa waume. Nilimwuliza kama baada ya hapo bado ana mke. Alichukua ndoo akaenda kisimani. Aliporudi akasema tumalize kwanza Alhamisi. Nimelishika neno hilo, tumalize, kwa sababu ametusema wawili. Unaona nilivyo, Mama. Hata sasa naokota.

Mwambie Damiano asije na hasira za kumgombeza shemeji yake. Amsalimie kwa mikono miwili, amwombe radhi kwa yale aliyoyaandika. Akishindwa kunitazama mimi, nitaelewa, asimame tu. Na wewe usijiulize ulikosea wapi kunilea. Ulinifundisha vizuri, yowe nalijua.

Nifikishie shikamoo kwa Mama Mdogo na majirani wote wa pale kwetu, umbusu na mtoto wa Restituta kama ameshafika, na umwambie nitamwimbia mwenyewe siku tukionana. Kule sokoni wakizidi kusema juu ya mkwe wako, tafadhali wasahihishe, hata kama ni kwa kunitaja mimi. Lala salama, Mama, na uniweke kwenye maombi yako ya Alhamisi kuanzia saa nne.

Ni mimi mwanao, mke wa Gervais kama bado ananitaka,

Esteria.